Mwamuzi ni wa Kabila Gani?



Mwaka 1997 Uriah Rennie, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa mwamuzi wa kwanza mweusi katika Ligi Kuu ya Uingereza. Alipoondoka mwaka 2008, ilipita miaka 15 kabla mweusi mwingine, Sam Allison, hajakabidhiwa filimbi, tarehe 26 Desemba 2023. Wachezaji weusi walikuwa wengi. Mwamuzi mweusi hakuonekana.

Twahuzunika, na ni haki yetu. Lakini tujichunguze. Timu ya Newala ishukapo Masasi kucheza, je, hatuulizi kwanza kama mwamuzi ni Mmakonde, Mmakua au Myao? Penalti ikitolewa, hatutaji kabila lake kabla ya kuitazama rafu yenyewe? Na binti akitaka kuchezesha, twamcheka, ingawa Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha mechi ya wanaume katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2022.

Petro, nyumbani mwa Kornelio, alitambua kwamba Mungu hampendelei mtu kwa taifa lake. Basi nasi tumpime mwamuzi kwa uadilifu wake, si kwa ngozi wala ukoo. Bwana atakase kwanza macho yetu. Amina.