Vumbi la Machimboni na Mapafu ya Binadamu

(Mazungumzo mbele ya wasomaji waliomaliza kisomo)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya vumbi. Mtasema: je, vumbi nalo linahitaji mkutano? Sisi wakulima tumezaliwa katika vumbi na tunalima katika vumbi. Ni kweli. Lakini vumbi haliko la namna moja. Vumbi la barabarani humfanya mtu apige chafya, apenge kamasi, basi. Vumbi tunalolitaja leo humuua mtu polepole, na wakati linapomwingia hasikii maumivu yoyote.

Vumbi hilo hutoka katika mawe magumu, hasa yale meupe yanayong'aa ambayo wachimbaji wa dhahabu huyafuata chini ya ardhi. Ndani ya mawe hayo mna kitu kinachoitwa silika. Neno hili lisiwachanganye. Si ile silika ya mtu, yaani tabia aliyozaliwa nayo. Ni jina tu la madini. Mchanga wa mtoni nao una silika, lakini punje zake ni kubwa, haziwezi kufika mapafuni. Mwamba unapotobolewa kwa mashine, au ukapasuliwa kwa baruti, au ukasagwa katika karasha, silika hugeuka unga mwembamba kupita unga wowote mnaoujua. Chembe moja inayodhuru ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani zaidi ya mara kumi. Jicho haliioni. Lile wingu mnaloliona likiruka ni la chembe kubwa. Chembe ndogo zimo humo humo, na wingu likishatulia zenyewe bado zinaelea hewani.

Sasa zikiingia mwilini hufanya nini? Mapafu yetu yana walinzi wao. Walinzi hao ni chembe hai ndogo sana ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu. Mlinzi akimeza kijidudu, hukiua. Lakini akimeza jiwe, atalifanya nini? Jiwe haliyeyuki. Mlinzi hufa yeye, jiwe linabaki, na mlinzi mwingine anakuja kulimeza. Mambo yanakwenda hivyo miaka na miaka. Pale walipofia walinzi mapafu hufanya kovu, kama kovu la kidonda mguuni. Kovu halivuti hewa. Makovu yakizidi, mtu anahema akipanda kilima kidogo, halafu anahema akitembea uwanjani, halafu anahema hata akikaa. Ugonjwa huu madaktari wanauita silikosisi.

Silikosisi haina dawa ya kuiponya. Tunalisema wazi, maana wapo wanaouza chupa za dawa machimboni wakidai zinasafisha kifua. Tena makovu yanaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi na kurudi kijijini kulima. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi. Vumbi likiwa jingi sana huja mapema, pengine katika miaka michache tu.

Je, vumbi ni jingi kiasi gani katika machimbo yetu madogo? Hili limepimwa. Mwaka 2015 watafiti walitangaza vipimo walivyochukua katika machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania. Ili tuelewane, tufanye hesabu kidogo. Fikirieni sanduku lenye urefu wa mita moja kila upande. Wataalamu wa Marekani wanashauri kwamba hewa ya ndani ya sanduku hilo isiwe na silika zaidi ya 0.05 ya miligramu. Hiyo ni kama punje moja ya chumvi laini ikisagwa na kupeperushwa humo. Punje moja tu! Na chini ya ardhi, kwa watu waliokuwa wakitoboa mwamba, watafiti walikuta nini? Walikuta wastani wa miligramu 16.85. Gawanyeni wenyewe mtaona. Ni zaidi ya mara 300.

Juu ya ardhi, mahali pa kusaga na kushughulikia mawe, walikuta wastani wa miligramu 0.19. Hapo msipumue kwa raha. Hiyo nayo ni karibu mara nne ya kiwango. Wanaofanya kazi za juu wengi ni akina mama, wanaogonga mawe na kuchekecha unga, pengine na mtoto mgongoni. Mtoto naye ana mapafu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta hasa. Vumbi hili ni rafiki mkubwa wa kifua kikuu. Mmeona jinsi walinzi wa mapafu wanavyokufa kwa kumeza mawe. Kijidudu cha kifua kikuu kikiingia, kinakuta nyumba haina mlinzi. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1998 kwamba hata mchimbaji ambaye bado hajapata silikosisi, kama amevuta vumbi jingi, hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake. Mwaka 2000 wengine walionyesha kwamba mtu akiwa na silikosisi na pia ana virusi vya Ukimwi, hatari hizo mbili hazijumlishwi, bali zinazidishana. Ninyi mliojifunza hesabu mnajua tofauti ya tatu kujumlisha tano na tatu mara tano.

Watu wengine hufikiri: basi, tuwape wachimbaji dawa, yaishe. Jambo hili limejaribiwa. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini makundi 15 ya wachimbaji yaligawanywa pande mbili. Upande mmoja wachimbaji walipewa vidonge vya kuzuia kifua kikuu kwa miezi tisa. Upande wa pili waliendelea na huduma za kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Mtu alipokuwa akimeza vidonge, vilimkinga. Alipomaliza, kinga ikaisha upesi. Kwa jumla kifua kikuu hakikupungua migodini. Kwa nini? Watu walirudi katika vumbi lile lile na msongamano ule ule. Kwa maoni yetu huo ni mmoja wa utafiti wenye faida kubwa kabisa, ingawa haukuleta habari njema. Dawa ile si mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwenye silikosisi apimwe, na akifaa apewe dawa ya kukinga. Lakini dawa haiwezi kuteka maji kwenye ndoo inayovuja.

Kinachoweza kuziba ndoo ni maji. Ndiyo, maji ya kawaida! Vumbi likiloa haliruki. Migodi mikubwa hutoboa mwamba kwa mashine zinazopitisha maji kwenye ncha yake, vumbi linatoka likiwa tope. Kwenye maduara yetu mashine nyingi hazina mpira wa maji. Hata hivyo yapo yanayowezekana. Ukuta wa mwamba unaweza kuloweshwa kabla ya kutoboa. Baruti ikishalipuka watu wasikimbilie kushuka. Wangoje hewa itoke, halafu mawe yanyunyiziwe maji kabla ya kuyapakia kwenye viroba. Penye karasha uwekwe mpira wenye vitundu vidogo unaonyunyiza maji kama ukungu pale mawe yanapoingia. Nchini Nigeria walifanya hivyo kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Katika kila sehemu 100 za vumbi la silika, 80 ziliondoka. Mawe ya huko yana madini ya risasi pia, sumu iliyoua mamia ya watoto katika jimbo la Zamfara mwaka 2010. Risasi iliyokuwa hewani nayo ilipungua kwa sehemu 95.

Msidhani huu ni ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2024, imepiga marufuku mawe fulani ya kiwandani yaliyokuwa yakikatwa kutengeneza meza za jikoni. Vijana waliokuwa wakiyakata walipata silikosisi. Mtu kufa kwa sababu ya meza ya jikoni!

Wengine watauliza juu ya kujifunga kitambaa puani. Kitambaa huzuia chembe kubwa, chembe ndogo hupita kama panya katika wavu wa samaki. Ziko barakoa maalumu zinazozuia chembe ndogo, nazo zinasaidia kama zimebana uso vizuri na zinabadilishwa. Lakini kushinda nayo chini ya ardhi kwenye joto ni taabu, na wengi huivua. Kwa hiyo sisi tunaanza na maji, barakoa ifuate.

Na maziwa? Machimboni wengi husema, kunywa maziwa jioni, yataosha vumbi. Maziwa ni chakula bora, nasi hatumkatazi mtu. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, na vumbi liko mapafuni. Ni njia mbili tofauti. Gongo nayo vivyo hivyo, tena yenyewe inaharibu mwili na kumpunguzia mtu nguvu za kupigana na kifua kikuu.

Hapa tuseme jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia. Tusiwalaumu wachimbaji peke yao. Kijana anayetoboa mwamba hana uwezo wa kununua pampu. Mara nyingi hana hata mshahara, analipwa kwa mgawo wa mawe. Mwenye duara na mwenye karasha ndio wanaoamua kama maji yatanunuliwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi. Kuna pia sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 2008. Lakini asiyeandikwa popote, siku akianza kuhema, ataonyesha karatasi gani? Vikundi vya wachimbaji vinapokaa kugawana mapato, bei ya mpira na ngoma za maji iwe ya kwanza kutajwa, kama bei ya baruti inavyotajwa.

Mwisho, juu ya kwenda hospitali. Silikosisi na kifua kikuu hufanana. Wote wawili wanakohoa, na hata picha ya kifua inaweza kumdanganya mganga asiyeambiwa habari kamili. Hivyo hutokea mtu akapewa dawa za kifua kikuu mara mbili, mara tatu, naye hana kijidudu hata kimoja. Mwingine huambiwa "ni vumbi tu", kumbe ana kifua kikuu, na nyumbani anawaambukiza wanawe. Njia ya kutofautisha ni kupima makohozi pamoja na kuyajua maisha ya mgonjwa.

Kwa hiyo mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, au akitokwa jasho usiku, au akikonda, au akitema damu, asingoje. Akifika mbele ya mganga asiseme "nakohoa" peke yake. Aseme: "Nimefanya kazi ya kutoboa mwamba miaka sita," au "Nimechekecha unga wa mawe miaka mitatu, niliacha mwaka juzi." Kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu, aseme lini, na kama dawa alizimaliza. Ninyi mnajua kuandika. Mwandikieni ndugu yenu mambo hayo kwenye kikaratasi kabla hajapanda gari, maana mgonjwa akifika husahau. Katika vituo vya Serikali kipimo cha kifua kikuu hutolewa bure, na dawa zake pia.