Mwanachuo Mjamzito Hana Siku 84

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliwafungulia mlango wa kurejea shuleni waliokatiza masomo kwa ujauzito. Mama wa chuoni, mtu mzima na pengine mke wa mtu, hazungumziwi sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua pacha, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Mwanachuo si mwajiriwa, hivyo hayo hayamhusu. Akiahirisha masomo na kozi yake hairudiwi hadi mwakani, wiki 12 zinageuka mwaka mzima.

Wapo wanaosema kumlegezea ni kushusha hadhi ya shahada. Mbona waliougua hupangiwa mtihani maalumu na hakuna anayelalamika? Maswali yanabaki magumu vilevile. Kinachosogea ni tarehe. Gharama, je? Chumba cha kunyonyeshea chenye kiti, maji na mlango wa kufungika hakimfilisi yeyote. Kigumu kweli ni malezi ya mchana, maana bibi yuko Tukuyu na chuo kipo Dodoma. Hapo ndipo tuujadili mfuko wa chuo, si adabu ya binti.