Kemia ya Mtandao na Bureti ya Mkononi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme maneno machache juu ya kujifunza kemia kwa njia ya intaneti, na kwa kuwa Katibu namfahamu tangu tulipolala bweni moja, najua alikusudia machache kweli.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1979. Kitabu cha kemia kilikuwa kimoja kwa wavulana sita, na katika kitabu cha kundi letu kurasa mbili za elektrolisisi zilikuwa zimechanwa. Nani alizichana sijui. Yamkini yumo humu ukumbini leo, amevaa tai. Tuliazima kitabu cha kundi la pili, tukanakili usiku kwa taa ya chemli, maana jenereta ilizimwa saa nne. Mwenzetu aliyenakili alikosea, akaandika anodi mahali pa kathodi, nasi sote sita tukalikariri kosa lile kwa uaminifu mkubwa mpaka mtihani wa muhula ulipotuumbua.

Nawaambia haya vijana ili mjue kwa nini mzee kama mimi hushangaa akiona kitabu kizima cha kemia kinapatikana bure. Pale Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, mwaka 2008 ulianzishwa mradi ambao leo unaitwa LibreTexts, nao umejaa kurasa za kemia ambazo hazichaniki. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, huko Marekani, wana kitabu kamili cha kemia cha kupakua bila malipo. Vyote viwili vimeandikwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo, kwa hiyo vinawafaa zaidi kidato cha tano na cha sita. Kidato cha pili akiingia humo atazama.

Kwa wadogo, na hata kwa wakubwa wanaoficha kwamba hawakuelewa, naona kilicho bora ni PhET. Aliyekianzisha ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mwaka uliofuata akaanza kazi hii katika Chuo Kikuu cha Colorado. Haya ni majaribio ya kuigiza kwenye kioo cha kompyuta. Liko moja la kusawazisha milinganyo: unaongeza molekuli za methani na oksijeni, na mizani iliyochorwa inainama mpaka idadi ya atomi za pande zote mbili ilingane. Zamani tuliambiwa "sawazisheni", nasi tukachezea namba kama watu wanaobahatisha. Wengi wetu hatukutambua kuwa tulikuwa tunahesabu vitu. Liko jingine la kupima tindikali na besi, ambamo mna kahawa, maziwa, damu, mate, na hata matapishi. Nadhani hilo la mwisho liliwekwa na mtu aliyewahi kufundisha wavulana.

Kisha ziko filamu fupi za Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, zilizoanza mwaka 2008. Humo yumo profesa mmoja, Martyn Poliakoff, mwenye nywele nyeupe zilizosimama kama amepigwa na umeme, naye anaeleza elementi moja moja, zote 118. Chati yetu ya ukutani ilikoma kwenye 103. Mstari wa saba wa jedwali umejaa majina mwaka 2016, yalipoidhinishwa majina ya nihoniamu, moskoviamu, tenesini na oganesoni, na chati ambayo haina majina hayo imepitwa na wakati. Jedwali la mtandaoni la Royal Society of Chemistry linazo zote; unagusa elementi, linakupa historia ya ugunduzi wake na matumizi yake.

Sasa maonyo mawili, nayo ni ya dhati.

La kwanza: si kila filamu ya kemia ni ya kuigwa. Wapo watu wanaochanganya madawa ya nyumbani kwa kutafuta watazamaji tu. Kijana anayechanganya dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya choo yenye tindikali anatengeneza klorini, hewa iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya kwanza, naye anaitengeneza ndani ya choo cha mamaye, mlango umefungwa. Kabla ya kugusa chupa yoyote tafuteni jina la kitu hicho katika PubChem, hazina ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani iliyofunguliwa mwaka 2004. Alama za hatari zimechorwa pale, wala hazihitaji Kiingereza kingi.

La pili ni hizi programu za akili mnemba. Zinajibu upesi, kwa lugha tamu, na mara nyingine zinakosea kwa ujasiri uleule wa mwenzetu wa anodi na kathodi. Zikikupa mlinganyo, hesabu atomi mwenyewe. Methani moja ikiungua na molekuli mbili za oksijeni, lazima uone oksijeni nne kushoto na nne kulia: mbili ndani ya kaboni dayoksaidi, mbili ndani ya maji. Zisipotimia, jibu ni la kutupwa, hata likipambwa namna gani.

Ndugu Mwenyekiti, hapa nageukia wenzangu. Jioni hii tutapiga kura juu ya fedha za mfuko wetu. Nimesikia pendekezo kwamba maabara ya zamani igeuzwe chumba cha kompyuta, kwa sababu majaribio yote sasa yako mtandaoni. Mimi ninayeusifu mtandao napinga pendekezo hilo.

Siku ya mtihani wangu wa vitendo, mwaka ule wa 1979, ndiyo iliyokuwa mara yangu ya pili kushika bureti. Mara ya kwanza tuliishika kwa zamu, kila mtu dakika chache. Nilijua kanuni yote kwa moyo. Lakini sikujua kuwa maji hujipinda ndani ya bomba na kwamba husomwa chini ya upinde. Nikasoma juu, kwenye ukingo. Sikujua pia kwamba karibu na mwisho unaachia tone kwa tone. Rangi ya methili orenji ikaruka kutoka njano hadi nyekundu mbele ya macho yangu, nikawa nimepita. Alama nilizopoteza zilininyima mchepuo niliouomba. Sikuharibikiwa maisha, kama mnavyoona kwa tumbo langu, lakini daktari sikuwa.

Kwenye kioo tone haliponyoki. Kidole hakitetemeki. Mtahini wa vitendo anapima kidole.

Basi pendekezo langu ni hili. Simu haziruhusiwi bwenini, na vifurushi vya intaneti vitamaliza mfuko kabla ya muhula. Hatuhitaji intaneti ya kila siku. Majaribio ya PhET hupakuliwa mara moja yakafanya kazi bila mtandao. Iko pia programu ya bure iitwayo Kolibri, inayokaa ndani ya kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye ukubwa wa kiganja. Wanafunzi wanaiunganisha na kompyuta za darasani bila waya, wakasoma masomo yaliyohifadhiwa humo hata kama nje hakuna mnara wa simu. Tununue hiyo moja na kompyuta chache zilizotumika, ziwekwe ndani ya maabara ileile, kwenye meza ya ukutani mbali na mabomba ya maji. Fedha zinazobaki, na zitabaki nyingi, ziende kwenye bureti, pipeti, tindikali na paa linalovuja juu ya kabati la madawa. Kijana aigize asubuhi, mchana ashike mwenyewe.

Mimi nimetangulia kidogo. Ndani ya gari langu mna sanduku la bureti kumi na mbili, zimefungwa kwa magazeti. Mwalimu wa Kemia, naomba vijana wawili wa kulibeba, wenye mikono mitulivu.