Saa za Asubuhi na Moyo

 

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulionyesha kwamba shambulio la moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana. Mtu anapoamka, shinikizo la damu hupanda, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Baridi nayo hubana mishipa. Huko Ulaya vifo vya moyo huongezeka majira ya baridi.

Ibada zetu nyingi ni za asubuhi. Mtu akibanwa kifua na kutokwa jasho ghafla, msisubiri ibada iishe. Usharika uwe na gari na dereva aliyepangwa kila Jumapili. Maombi yaendelee, lakini mgonjwa awe njiani kwenda hospitali.