Jiji Lililowahi Kuwa na Bendi Yake

(Hii ni mada niliyowasilisha kwenye semina ya vijana wetu wa kata, Dar es Salaam. Baadhi ya wenzetu waliokosa nafasi wameomba niiweke hapa. Nimeiacha kama ilivyosemwa, nimerekebisha sehemu mbili tatu tu.)



Nimepewa mada inayosema "Halmashauri, uchumi wa jiji na sanaa". Nilipoipokea, mshikaji wangu mmoja akaniambia, "Kaka umeonewa. Wenzako wamepewa Katiba Mpya na Tume Huru, wewe umepewa ngoma." Nikacheka. Lakini nilipokaa kuiandika nikaona hapa kuna ugali wa watu, tena watu wetu. Ukihesabu vijana waliomo humu ukumbini, anayerekodi muziki, anayechora, anayeshona, anayepiga picha za harusi, MC wa kitchen party, anayeedit filamu kwenye laptop ya kuazima, utakuta ni nusu ya kikao. Sasa hiyo si siasa? Ni siasa.

Nianze na historia, maana wengi humu hamkuwa mmezaliwa.

Jiji la Dar es Salaam liliwahi kuwa na bendi. Sisemi bendi iliyokuwa inapiga mjini. Nasema bendi ya Jiji. Halmashauri ilikuwa na shirika lake la uchumi, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ambalo wazee wanalijua kwa herufi tatu: DDC. Shirika lilikuwa na baa na kumbi, ile ya Kariakoo, ile ya Magomeni Kondoa, ile ya Mlimani. Mwaka 1978 ilianzishwa bendi ya Mlimani Park chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi. Kampuni ilipofilisika, mwaka 1983 DDC wakaichukua bendi. Ndiyo DDC Mlimani Park Orchestra, Sikinde, ngoma ya ukae.

Sasa angalieni ilivyokuwa inafanya kazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara. Gitaa, ngoma na spika ni mali ya shirika. Ukumbi ni wa shirika, bia ya shirika. Watu wanakuja kwa ajili ya muziki, wanakunywa, wanakula, hela inaingia. Mama wa mishikaki pale nje anauza, dereva wa teksi anapata abiria saa nane usiku. Hakuna aliyeita jambo hilo "kufufua uchumi wa jiji". Lilikuwa ni biashara ya Jumamosi.

Sitaki niwadanganye kwamba ilikuwa peponi. Vyombo vilichakaa. Mwaka 1985 tajiri mmoja mwenye bendi binafsi alikuja na dau nono, baadhi ya nyota wa Sikinde wakahama, akiwemo Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka. Haki ya kazi zao redioni ilikuwa haipo au haionekani. Gurumo aliimba takriban miaka 50, alipostaafu mwaka 2013 nchi nzima ikagundua kwamba hana hata gari, Diamond Platnumz akampa. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Ila baadaye nikajiuliza: mtu aliyelilisha jiji zima kwa sauti yake, uzeeni anategemea huruma ya msanii mwenzake? Hiyo zawadi ilikuwa sifa kwa Diamond na aibu kwa sisi wengine wote.

Kwa hiyo sisemi turudishe mwaka 1983. Nasema Jiji liliwahi kuelewa kwamba muziki ni sehemu ya uchumi wake, halafu likasahau.

Na ni rahisi Jiji kusahau kama lenyewe linavunjwa kila mara. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa. Zikaanza kurudi mijini mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Keenja. Mwaka 2000 tukapata Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, Ilala ikapandishwa ikawa ndiyo Jiji. Kodi ya majengo nayo, ambayo sehemu nyingi duniani ni uti wa mgongo wa halmashauri, mwaka 2016 ilihamishiwa TRA, na tangu Agosti 2021 unailipa kwenye LUKU. Mnunuzi wa umeme wa elfu tano hata hajui kwamba ile ilikuwa hela ya mtaa wake. Ukiinyang'anya halmashauri mapato usishangae ikigeuka kuwa ofisi ya ushuru na mgambo.

Halafu tukizungumza uchumi wa jiji, akili ya watawala inakwenda kwenye zege. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, likajengwa upya na kupanuliwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 28. Sawa, soko tunalihitaji, na lile jengo la Beda Amuli la mwaka 1975 ni urithi wetu. Lakini kabla ya hapo tulijengewa Machinga Complex pale Karume, kwa mkopo wa NSSF. Ghorofa zikasimama, machinga wakarudi barabarani. Kwa nini? Kwa sababu mteja wa soksi za buku hapandi ngazi. Machinga wenyewe wangekwambia hilo bure, kwa kikombe cha kahawa. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani tena, na leo mnajua wenyewe wako wapi.

Jengo bila watu ni deni tu. Na sanaa ndiyo kazi ya kuleta watu mahali.

Nitoe mfano mmoja wa nje, halafu nirudi nyumbani. Medellín, Colombia, ulikuwa mji wa kuogopwa kwa mauaji. Meya Sergio Fajardo, mwaka 2004 hadi 2007, alipeleka majengo mazuri kwenye vitongoji vya maskini vya milimani: maktaba zenye bustani, kumbi, madarasa ya muziki. Na pale palikuwa na usafiri wa kamba unaoshuka mpaka kwenye treni. Mnajua hela nyingi ilitoka wapi? Halmashauri ile ina shirika lake la umeme na maji, EPM, na sehemu ya faida inarudi kwenye bajeti ya mji. Si msaada wa wafadhili. Ni shirika la mji, kama tulivyokuwa na DDC. Nao waliteleza. Moja ya maktaba zile maarufu ilibidi ifungwe kwa kasoro za ujenzi. Lakini wazo la kumpelekea maskini kitu kizuri, badala ya kumwambia asubiri kwanza ashibe, hilo ndilo nataka mlibebe.

Sasa turudi nyumbani, na hapa nitasema jambo langu mwenyewe.

Mnaijua asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ikopeshe bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2018 si hisani, ni sheria, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi baadaye kwa utaratibu mpya.

Miaka kadhaa nyuma, kabla ya kusimamishwa, mimi na wenzangu wanne tulikuwa na kikundi cha ngoma na maigizo. Sitataja halmashauri, na afisa yule sitamtaja, alikuwa mtu mwema tu aliyebanwa na fomu. Tukaandika andiko: tunataka spika mbili, mashine ya muziki na jenereta. Tukaonyesha na orodha ya shughuli tulizofanya. Akasoma, akavua miwani. Akasema, "Wadogo zangu, hii haitapita. Sanaa si mradi. Andikeni kuku."

Tukaandika kuku.

Wakaja kukagua, tukaazima banda la jirani, Mama Shabani, na kuku wake wakiwemo. Tukapiga nao picha. Hela ikatoka. Tukanunua spika. Mnacheka, lakini sikilizeni mwisho wake. Ratiba ya marejesho ilikuwa ya kuku: kila mwezi, kiasi kilekile. Kazi yetu haiendi hivyo. Mwezi wa harusi unapata, Ramadhani ikiingia shughuli hakuna, Kwaresima nayo hivyohivyo. Tukadaiwa. Hatuwezi kwenda kujieleza, maana tutasema nini, kuku wamefunga? Tukauza spika kwa hasara tukalipa. Deni tukalimaliza, na kikundi kikamalizika.

Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Kwenye makabrasha ya halmashauri ile, sisi ni kikundi cha ufugaji kilichofanikiwa. Tumerejesha asilimia mia. Pengine tumesomwa kwenye taarifa ya robo mwaka, madiwani wakapiga meza. Ukweli ni kwamba halmashauri iliua kikundi cha sanaa ikaandika kuku. Na sisi tulidanganya. Sijivunii. Nikilaani vikundi hewa, najua kwamba na mimi niliwahi kuwa kimoja.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu tuyabebe kama vijana wa kata hii.

La kwanza, sanaa iandikwe kwenye mikopo ya asilimia 10 kama kazi, kwa jina lake. Serikali Kuu ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii, kwa hiyo hawawezi kutuambia sanaa haikopesheki. Na marejesho yafuate msimu wa kazi yenyewe. Mkulima hatudai kabla ya mavuno.

La pili, kumbi. Vijana wetu wanafanya mazoezi chini ya miembe na kwenye madarasa ya kuomba kwa mwalimu mkuu. Halmashauri ina kumbi, ina masoko yanayofungwa jioni, ina viwanja vya wazi ambavyo havijauzwa bado. Tudai siku maalumu kila wiki, kwa bei ya mtaa na si ya harusi. Hili halihitaji bilioni hata moja. Linahitaji funguo.

La tatu, majina. Kila kikundi kilichopata mkopo kibandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa: jina, mradi, kiasi. Kama tungebandikwa sisi, Mama Shabani angeuliza siku ileile, "Hawa kuku si wangu?"

Njia zipo. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda ukae usikilize. Mkutano wa mtaa ni wako, simama useme. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini makadirio yanapitishwa miezi mingi kabla. Ukienda Julai kulalamika umechelewa, sahani zimeshaoshwa.

Mwisho, makamanda, tujisafishe na sisi. Upinzani ulikuwa na meya wa Jiji hili kuanzia 2016 mpaka alipong'olewa Januari 2020. Tuna mengi ya kulalamika jinsi alivyoondolewa. Lakini katika miaka ile mimi sikumbuki tukikaa hata siku moja kama vijana tukawauliza madiwani wetu: kijana msanii mmemtengea nini? Na mikutano ya siasa, ya vyama vyote na ya kwetu pia, inafunguliwa na msanii anayeambiwa "huu ni mchango wako kwa mapambano". Anaimba saa mbili juani, anaondoka kwa miguu. Mwenye jukwaa analipwa, mwenye spika analipwa, mwenye hema analipwa. Tukimdai mkurugenzi wa halmashauri aheshimu kazi ya msanii, tuanze sisi. Mkutano wetu ujao, yule binti atakayefungua kwa wimbo awe kwenye bajeti, hata kama ni kidogo, na kiandikwe kwenye karatasi: msanii. Tusimwandike kuku.