Hesabu Katika Shule za Kenya: Kazi ya Serikali na Kazi ya Mwalimu



Katika soko lo lote la Kenya, mama auzaye viazi hahitaji kalamu wala karatasi. Mtu akimpa noti ya shilingi 200, naye amechukua viazi vya shilingi 60 na vitunguu vya shilingi 35, chenji yake shilingi 105 humfikia mkononi kabla hajafunga kikapu. Watu wa Pwani zamani walimfundisha mtoto kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja, na mtoto huyo akaijua robo kabla ya kuliona darasa. Lakini mwana wa mama yule yule wa sokoni huingia shuleni, akakaa huko miaka mingi, kisha akatoka akisema kwamba hesabu si kitu chake. Jambo hili lapasa kufikiriwa sana, maana haiwezekani kuwa akili ilianguka njiani baina ya soko na shule.

Mtihani wa KCSE ulianza mwaka 1989, na kwa miaka mingi wastani wa alama za hesabu katika nchi nzima haukufika hata 30 kwa 100. Kijana asiyefaulu hesabu hufungiwa milango mingi kwa pamoja: uhasibu, uinjinia, udaktari, na kazi nyingi za ufundi ambazo wazazi huuza ng'ombe ili watoto wao wazipate. Wasichana wameumia zaidi, kwa kuwa wengi wao waliambiwa tangu utotoni kwamba somo hili ni la wavulana.

Serikali haikuanza jana kutafuta dawa. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika na wa Marekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya ile iliyoitwa Hesabu Mpya, na elimu hiyo ikaingia Kenya. Vitabu vilieleza habari za seti na alama ambazo mzazi hakupata kuziona, hata baba aliyekuwa karani hodari akashindwa kumsaidia mtoto wake nyumbani. Walimu wengi nao walipewa vitabu kabla ya kufundishwa maana yake. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliamuru Hesabu Mpya ikomeshwe. Watu wengi walifurahi, lakini haki yasema kwamba mwalimu aliyeachwa peke yake na kitabu kigeni alikuwa na kosa dogo kuliko waliompelekea kitabu hicho.

Mpango uliofuata baadaye ulishika njia nyingine, ukaanza na mwalimu mwenyewe. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Serikali ya Japani kwa mkono wa shirika lake la JICA, ilianzisha mpango uitwao SMASSE kwa ajili ya hesabu na sayansi katika shule za sekondari. Ulijaribiwa kwanza katika wilaya 9, miongoni mwao Kajiado, Makueni, Murang'a, Kisii na Kakamega. Kisha tangu mwaka 2003 hata 2008 ukaenezwa nchi nzima. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, na hao wakawafundisha walimu wenzao wakati wa likizo. Chuo cha kazi hiyo, CEMASTEA, kipo Karen, Nairobi.

Jambo la kwanza walilofundishwa walimu halikuwa hesabu yenyewe, bali nia. Mwalimu aaminiye kwamba watoto wake ni wapumbavu hawezi kuwafundisha, hata akiwa na digrii mbili. Baada ya hapo walizoezwa kumpa mwanafunzi kazi ya mikono, kufanya majaribio, na kubuni vyombo kwa vitu vilivyo karibu. Na kila somo lipangwe, lifundishwe, liangaliwe, kisha lirekebishwe.

Tuseme somo ni habari za duara. Mwalimu wa desturi ya zamani huandika kanuni ubaoni, watoto wakainakili, na kengele ikalia. Mwalimu aliyezoezwa huwaambia watoto waje na vifuniko, makopo ya mafuta ya kupikia, sahani, na kamba. Kila kundi huzungusha kamba kwenye kopo, likapima mzingo wake. Kisha hupima kipenyo, na kugawanya. Kundi la kopo dogo hupata 3 na kitu. Kundi la sahani kubwa hupata vile vile 3 na kitu. Hapo darasa hunyamaza kidogo, kisha fujo njema huanza, kila mtoto akitaka kupima tena kwa kuwa hasadiki. Hapo ndipo mwalimu aitaje pai kwa jina lake, na jina hilo halisahauliki. Vitu vyote hivyo havikugharimu hata shilingi 10.

Si kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Walimu wengi walinung'unika kwamba likizo yao imechukuliwa na posho ni ndogo, na manung'uniko hayo hayakuwa bure. Tena, elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni. Na mwalimu mwenye watoto 80 chumbani hawezi kulipitia kila kundi lenye kamba na kopo.

Kwa sababu hiyo ilifaa kushuka chini hata kwa watoto wadogo. Mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa shule za msingi kwa msaada wa dola milioni 88.4 kutoka Global Partnership for Education, na sehemu yake moja ilikuwa hesabu za darasa la 1 na la 2: vitabu vya watoto, mwongozo wa mwalimu, na wakaguzi wa kumtembelea darasani. Huko ndiko kosa huzaliwa. Mtoto asemaye kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3, asiporekebishwa mapema atalibeba kosa hilo hata mtihani wa mwisho.

Mwezi wa Aprili 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya juu atasoma hesabu, ijapokuwa mpango wa kwanza ungaliwaachia wengine kuiacha. Wanaofuata sayansi na ufundi wamewekewa hesabu kamili, na wengine hesabu ya maisha ya kila siku. Wazazi wengi walikuwa wameomba hivyo. Walakini amri haifundishi darasa. Kila shule yahitaji walimu wa hesabu hizo mbili, na nafasi ya kuwarudisha mafunzoni. Mzazi aendapo kwenye mkutano wa shule aweza kumwuliza mkuu wa shule, kwa adabu, ni walimu wangapi wa hesabu waliopata mafunzo mwaka huu, na fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo zimetumiwaje.