Aliyeingia Seli Mzima: Hotuba kwa Wananchi wa Laare

Wazee wetu wa Igembe, akina mama, nanyi vijana mliofunga mizigo ya miraa mapema ili mpate kuja,

Nimeitwa niseme juu ya watu wanaoingia seli kwa miguu yao na kutoka humo wamebebwa. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1987, nchi ikiwa chini ya chama kimoja, mfanyabiashara Peter Njenga Karanja alitiwa mbaroni Nakuru, akapitishwa katika vyumba vya Nyayo House, akafia hospitalini. Tulidhani vyama vingi vikija hayo yatakoma. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Maovu ya seli hayakuondoka nacho.

Tutazame jirani. Usiku wa Agosti 1, 2021, huko Kianjokoma, Embu, ndugu wawili wa tumbo moja walikamatwa kwa kukiuka kafyu. Hata seli hawakuifikia. Polisi walisema vijana waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa mwendoni. Uchunguzi haukuikubali hadithi hiyo, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji.

Kisha Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay tarehe 7, akasafirishwa hadi Nairobi, mbali na jamaa zake, na tarehe 8 alikuwa maiti. Tukaambiwa alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti walikuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Siku hizo hizo mwenyekiti wa IPOA aliliarifu Bunge la Seneti kwamba watu 20 walikuwa wamefia mikononi mwa polisi katika miezi 4.

Aliruka, alijigonga, alijinyonga: kila mara marehemu ndiye hufanywa mshtakiwa wa kifo chake.

Si kila kifo cha seli ni kipigo, wala tusiwasingizie askari wote. Yuko mgonjwa wa kisukari aliyekosa dawa. Yuko aliyeumia kichwa, akadhaniwa ni mlevi aliyelala. Lakini katika hali zote hizo hatari ni ule muda ambao mtu yu peke yake na waliomkamata, na nje hakuna anayejua.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, yataka mshukiwa afikishwe mahakamani katika saa 24. Saa hizo zikiisha mahakama imefungwa, hungojwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa hapa Laare Ijumaa jioni aweza kukaa hadi Jumatatu bila kumwona hakimu wa Maua. Wako wanaoijua Ijumaa hiyo vizuri mno.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfuata mpwa wangu katika kituo ambacho sitakitaja. Tuliambiwa hayumo. Jina lake halikuonekana kitabuni hadi tulipokuwa watu wanne mlangoni, mmoja wetu akiwa mzee mwenye fimbo. Alitoka na mkono uliovunjika, lakini alitoka.

Basi mtu akikamatwa, nendeni usiku huo huo, msiende mmoja. Ulizeni nambari ya OB, muiandike. Ombeni kumwona kwa macho. Kama ana ugonjwa, utajeni mbele ya shahidi, na dawa mpeleke. Bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya fedha taslimu hutolewa risiti. Na akifa, Mungu apishe mbali, msikubali kuzika kabla maiti haijapasuliwa, daktari wa familia akiwapo. Sheria ya mwaka 2011 inaipa IPOA wajibu wa kuchunguza kila kifo cha namna hiyo. Lakini mtu sharti apeleke habari.

Wazee wa Njuri Ncheke, ninyi ambao hata maofisa huwasimamia mkipita, zamu ya kufika kituoni Ijumaa ningependa ianze na ninyi.

Walio na jamaa ndani tangu juzi na wabaki nyuma, tuyaandike majina.